Kilima cha Mama Fuko

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, ninyi watu wazima mliojibanza nyuma. Hadithi hii ni yenu kuliko ya watoto.

Hapo zamani za kale kulikuwa na nchi ya wanyama. Nchi hiyo ilikuwa na mavuno mengi na njaa nyingi. Mnashangaa? Msishangae. Viazi vilikomaa vyote kwa pamoja. Wanyama wakala, wakashiba, wakasaza. Jua likawaka, waaa! Viazi vikaoza. Kiangazi kilipofika, watoto wakalia, na wakubwa wakabaki kutazamana.

Basi Mama Fuko akafikiri. Alikuwa mjane, na macho yake hayakuona vizuri, lakini mikono yake iliujua udongo. Akaenda kilimani, akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Akachimba vyumba vya baridi, na kati ya chumba na chumba akaacha ukuta mnene.

"Leteni viazi vyenu," akasema. "Nitawatunzia mpaka kiangazi. Ujira wangu kiazi kimoja kwa kila kikapu."

Wakamcheka, kwe kwe kwe! "Chakula kizikwe kama maiti?"

Wachache wakapeleka. Kiangazi kikaja, viazi vikatoka vizima, watoto wao wakala. Mama Fuko naye akanenepa kidogo, manyoya yakang'aa. Hapo ndipo jirani yake Ndezi alipokosa usingizi.

"Kumbe kazi yenyewe ni kuchimba tu! Mimi sina makucha?"

Akachimba palepale, ubavuni pa Mama Fuko. Ngiri akamwona Ndezi, akachimba. Nungunungu akamwona Ngiri, akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru! Kisha kila mmoja akasimama mlangoni kwake anapiga kelele: "Njoo kwangu, mteja! Kwangu baridi zaidi!"

Mama Fuko akatoka nje. "Jamani, kilima ni kimoja. Ngiri, una nguvu, tubebee mizigo kutoka mashambani. Nungunungu, una miiba, tulindie milango. Ndezi, una meno makali, tukatie matete ya vikapu. Kazi zimejaa tele, hazina mwenyewe."

"Loo! Mwacheni," akasema Ngiri. "Anataka ale peke yake."

"Usituzibie riziki, mama," akasema Ndezi.

"Ndugu yangu Ndezi, ukikohoa nakusikia. Ukuta wetu umebaki mwembamba."

"Basi ziba masikio."

Akachimba tena. Na wateja, kwa kuwa milango ilikuwa mingi, wakajaza viazi vya nchi nzima ndani ya kilima kile kimoja.

Ikaja mvua isiyo ya msimu. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Ndezi, Ngiri na Nungunungu walikuwa milangoni wakigombania wateja. Mama Fuko alikuwa ndani, akigeuza viazi vya watu visioze. Kilima kikanguruma, ngrrr... Puu! Kikakaa chini.

Halafu, kutoka chini ya tope, kukasikika kugonga: ko, ko, ko.

"Yu hai!" akapaza sauti Ndezi. "Tuchimbe! Tumtoe!"

Wakachimba, ndiyo. Lakini Ngiri alichimba palipokuwa na viazi vyake. Nungunungu akachimba palipokuwa na viazi vyake. Udongo wa Ngiri ukaangukia shimo la Ndezi. Udongo wa Nungunungu ukaangukia shimo la Ngiri. Wamezoea hivyo, kila mtu na shimo lake.

"Ndugu zangu, hapa! Njooni hapa!" Ndezi akalia.

Ko, ko.

Hawakuja.

Ko.



Ndezi akalaza sikio kwenye tope. Hakusikia kitu. Akakohoa. Hakuna aliyemlalamikia.

Kiangazi kilikuja kama kawaida yake. Viazi vilikuwa chini, vimezikwa kama maiti, pamoja na yule aliyejua kuvitunza. Watoto wa Ngiri walilia. Watoto wa Nungunungu walilia. Ndezi alikuwa anakata matete, anasuka vikapu, na vikapu havikuwa na cha kubeba.

Mwenzako akivumbua kazi, usimchimbie ubavuni. Tazama anachokosa, ufanye hicho, nanyi wote mtakula. Mkichimba wote shimo moja, mnajichimbia kaburi.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya kilima. Anayetaka kuifukua, asije na jembe lake peke yake.