Nyenje Aliyeimba Mdomo Umefungwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipigiana hodi kama sisi, Nyenje na mkewe walikaa ndani ya shimo kubwa. Muhanga ndiye aliyelichimba, kisha akahama. Mke alikuwa ametaga mayai kwenye udongo wa sakafu, membamba kama punje za mchele, ila madogo zaidi.

Jioni moja, puu! Vumbi likamwagika. Matako makubwa yakaziba mlango.

"We! Ndiyo hodi gani hiyo?" Nyenje akafoka.

"Sisi akina Ngiri huingia nyumbani kinyumenyume," sauti ikajibu kutoka nje. "Meno hubaki mlangoni. Hameni, leo nalala hapa."

Mke akashika kichwa. "Yarabi, mayai yangu! Atayaponda!"

Nyenje akaruka, akamwuma chini ya mkia. Ng'a!

"Aaii!" Ngiri akachomoka mbio.

Muhanga, aliyekuwa akipita kutafuta mchwa, akasimama. "Kuna nini kwenye shimo langu la zamani?"

"Mzee, amua wewe," Ngiri akasema. "Mwenye nyumba si ni mwenye sauti? Basi tushindane na huyu kidudu."

"Nakubali," Nyenje akasema. "Ila tufungwe midomo sote. Mzee Muhanga akasimame kule kwenye kichuguu. Atakayesikika kule, huyo ndiye mwenye nyumba."

Ngiri akacheka hadi akakohoa. "Kwa mdomo wazi tu husikiki! Mimi hata puani nanguruma. Lete unyasi, namfunga mwenyewe!"

Akamfunga mafundo matatu. Naye Muhanga akamfunga Ngiri kwa kamba ya magome, kisha akaenda kichuguuni.

Ngiri akaanza. "Mmmf! Mmmmf!" Macho yakamtoka.

"Sisikii kitu!" Muhanga akaita.

Nyenje akasogea kwenye mdomo wa shimo, akatazama ndani. Akainua mabawa.

"Kri-kri-kriii! Kri-kri-kriii!"

Shimo likaupokea wimbo, likaukuza, ukatoka kama tarumbeta. Masikio marefu ya Muhanga yakasimama wima. Akarudi mbio.

Ngiri akakata kamba. "Mwongo! Amefungua mdomo!"

Muhanga akainama, akahesabu. "Moja, mbili, tatu. Mafundo yako yote yapo."

"Sasa ameimbia wapi?"

Mke wa Nyenje akatoa kichwa. "Pole, shemeji, umefunga pasipohusika! Bawa lake la juu lina meno kama kitana, upande wa chini. Bawa jingine lina ukingo mkali. Anayakwaruzanisha. Mdomo haumo, wala miguu haimo."

"Ondoka, Ngiri," Muhanga akasema. "Nyumba ina mwenyewe."

Ngiri akaenda zake, mkia juu kama kijiti. Mvua za kwanza ziliponyesha, mayai yakaanguliwa yote.

Basi wanangu, msimdharau mdogo kabla hamjajua nguvu zake ziko wapi. Na wewe uliye mdogo, zijue zako mapema.