Pikapu Iliyofichwa Mlalo

Kule milimani Mlalo alikuwako mchuuzi wa kabichi, Bi Mwatumu, ambaye miezi mitatu hakuwa amelipa marejesho ya pikapu yake ya mkopo. Dalali Ngonyani akampigia simu kutoka Tanga mjini.

"Mama, kesho nakuja kuchukua gari."

"Hulipati, mwanangu. Nimelificha nyuma ya kanisa, na ufunguo nimeutupa chooni."

"Basi nakuja na gari la kulivuta!"

"Halafu gharama mnibambikie mimi. Nawajua nyie."

"Nalipa mwenyewe! Nakuandikia sasa hivi, ujue mimi ni nani."

Ujumbe ukaingia kwenye simu.

Kesho yake pikapu ikavutwa milima yote hadi yadi ya Ngonyani, Bi Mwatumu akilia kwa kwikwi kando ya dereva. Walipofika tu, akafuta machozi, akafungua pindo la khanga, akalipa miezi yote mitatu. Kisha akatoa ufunguo.

"Kumbe hela ulikuwa nazo!" Ngonyani akafoka.

"Za marejesho, mwanangu. Za kulivuta ndizo sikuwa nazo. Injini ilikufa mwezi uliopita, na fundi wangu ni yule pale ng'ambo ya barabara. Hebu nisaidie kusukuma."