Nguchiro Muuza Mipini Myepesi

Hapo zamani za kale, zama nyati wakivaa suruali na viboko wakilala kitandani, palikuwa na chemchemi moja tu katika nyika nzima. Moja! Na mnajua wanyama walikuwa wakiyashindania vipi maji yake? Kwa pembe? Kwa meno? Thubutu! Kwa gofu.

Usicheke, Chande. Nimesema gofu. Ule mchezo wa kukapiga kampira kadogo kwa fimbo ndefu yenye kichwa. Kila mwaka, majani yakianza kukauka, wanyama walikutana uwanjani. Kila nyumba ilitoa mpigaji mmoja, na kila mpigaji alikuwa na pigo moja tu. Ambaye mpira wake umefika mbali kuliko yote, yeye na jamaa zake ndio wanaokunywa kwanza mpaka mvua zirudi. Na sharti lao lilikuwa hili: mpira ukiingia kichakani ni mali ya watoto wa Nyani. Hakuna kuutafuta, hakuna kulia.

Sasa nani alikuwa akishinda? Mwaka huu Bwana Nyati, mwaka ujao Bwana Kiboko, kisha Nyati tena, kisha Kiboko tena. Wana mabega, wana shingo, wana fimbo za mpini wa mpingo nzito kama mchi wa kutwangia. Wakipiga, ko! Mpira unapaa hatua mia mbili. Wakishashinda wanakunywa, wanaoga, wanagaagaa humo humo. Zamu ikimfikia mdogo, kimebaki nini? Tope!

Na mmoja wa wadogo hao alikuwa Nguchiro. Mnamjua Nguchiro, yule wa kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, asiyetulia hata akikaa. Mwaka uliotangulia binti yake wa mwisho, Sikitu, alikunywa tope lile, akaugua tumbo wiki mbili, akabaki mifupa na macho. Nguchiro hakulisahau jambo hilo hata siku moja.

Kiangazi kilipokaribia tena, mkewe alimwambia, "Baba Sikitu, mtoto huyu hatamaliza kiangazi kingine cha tope. Mimi nakwambia mapema, usije ukasema sikukwambia."

"Nimesikia, mama watoto."

"Umesikia, umesikia! Wewe utampiga Nyati kwa gofu? Fimbo yako yenyewe iko wapi?"

Nguchiro alitoka mbio hadi bondeni, akakata mianzi miwili mirefu, akaianika. Ilipokauka akaipaka masizi na mafuta ya mbarika mpaka ikang'aa, akaichongea vichwa vya mti, akaizungushia uzi mwekundu pa kushikia. Mwishowe akachukua msumari wa moto, akaitoboa kila mmoja kitundu kidogo, chini kabisa, karibu na kichwa. Akaushika mmoja, akauzungusha.

Fyuuuuu!

Mkewe aliruka, nusura aangushe sufuria. "Mungu wangu! Nini hicho?"

"Mpini mwepesi. Wa kuwauzia Nyati na Kiboko."

"Kweli unaenda mbio kuliko wa mpingo?"

"Nimeujaribu siku tatu. Unaenda mbio kweli, lakini kidogo tu, kiasi cha kupepesa kope. Kelele yote hiyo ni ya kitundu."

"Na mpira je?"

"Ah!" Nguchiro akacheka mpaka akashika mbavu. "Mpira habari yake nyingine kabisa!"

"Basi wauzie bei rahisi wasikatae. Mayai mawili, matatu..."

"Wee! Ukiwauzia kwa mayai watauchunguza. Uza ghali, mama watoto! Aliyenunua ghali hauchunguzi tena, anautetea."

Asubuhi yake Nguchiro huyo, mpini begani, mpaka nyuma ya ua wa Nyati. Nyati alikuwa barazani anakunywa uji na suruali yake ya kaki. Nguchiro akajifanya anapita zake.

Fyuuuuu!

Bakuli la uji likaanguka, paa! "Nani huyo? Nini hicho?"

"Shikamoo mkubwa. Si kitu, napita tu."

"Marahaba. Nimeuliza nini hicho!"

"Aa, mpini mwepesi, mkubwa. Lakini hautakufaa, bei yake inatisha. Nampelekea Bwana Kiboko."

Lo! Kusikia jina la Kiboko, pua za Nyati zikatanuka. "Kiboko? Kiboko ana nini nisichokuwa nacho mimi? Lete hapa!"

Nyati akachukua kwanza fimbo yake ya mpingo, akaizungusha. Vuu, basi. Akachukua ya mwanzi, akaizungusha. Fyuuuuu! Kuku wakatawanyika. Akazungusha tena. Fyuuuuu! Macho yakamtoka.

"Inakwenda mbio hii!"

"Mbio, mkubwa. Hilo naapa mbele ya mama yangu mzazi. Mkono mwepesi, fimbo mbio."

Mke wa Nyati alikuwa mlangoni na ufagio, anasikiliza yote. Akasema, "Baba, si ujaribu na mpira kwanza?"

Hapo Nguchiro alijua amekwisha. Jasho likamtoka hadi mkiani. Mpira mmoja tu ukipigwa pale uani, na biashara imekufa, na Sikitu naye atakunywa tope.

"Mpira wa nini?" Nyati akafoka. "Mimi kiziwi? Sisikii ilivyo mbio? Mke wangu, gofu huijui, nenda kafagie!" Akamgeukia Nguchiro. "Bei?"

"Vyungu saba vya samli, mkubwa. Na ile fimbo yako ya zamani juu yake."

"Saba!" mkewe akapiga kelele. "Samli yangu ya mwaka mzima!"

"Chukua!" akasema Nyati. "Kizuri hakiwi rahisi."

Mnaona? Aliambiwa ajaribu, hakujaribu. Na si kwamba hakuambiwa na mtu mwenye akili.

Habari ilimfikia Kiboko kabla ya jua la mchana. Hakungoja kuuziwa, alikuja mwenyewe kwa Nguchiro, anahema, ardhi inatikisika ti! ti! ti!

"Nguchiro! Nyati amenunua, na mimi nataka! Wangu ulie kuliko wake!"

"Shikamoo mzee. Umebaki mmoja, lakini naogopa kukuuzia. Bei yake..."

"Sema!"

"Kitanda chako, mzee. Kile cha mninga, chenye nakshi. Na fimbo yako ya mpingo."

Kiboko akameza mate. Kitanda kile alikitoa mkewe kwao siku ya harusi. Lakini akamkumbuka Nyati kule uani, fyuuuuu, na yeye Kiboko ana nini? Vuu! Kabla ya saa ya kula, kitanda kilikuwa mbele ya nyumba ya Nguchiro, na mke wa Kiboko amesimama katikati ya nyumba yake, mikono kichwani.

Wiki nzima nyika haikulala mchana. Huku fyuuu! Kule fyuuu! Nyati anazungusha, anauliza wanawe, "Mmesikia?" Kiboko anazungusha, anauliza mkewe, "Imezidi ya jana?" Na mkewe, anayelala chini kwenye jamvi, anampa kisogo. Mpira? Hakuna aliyeugusa. Na zile fimbo mbili za mpingo, mke wa Nguchiro alizipasua kuni, akachemshia maharage.

Siku ikafika! Uwanja ulijaa pomoni. Mwamuzi alikuwa Nyani, na kofia yake ya ukili, filimbi mdomoni. Watoto wake wamejipanga kando ya kichaka, wamechutama, mate yanawatoka kwa hamu ya mipira.

Walianza wanyama wa kawaida. Ngiri akapiga, hatua kumi na mbili. Swala akapiga, hatua kumi na tisa, akashangiliwa. Kisha Nyani akapuliza filimbi: prrrii! "Bwana Nyati!"

Akaingia Nyati na mpini wake unang'aa. Akawageukia watu. "Sikilizeni vizuri, maana ninazungusha mara moja tu!"

Akainua. Fyuuuuuuu! Uwanja mzima ukasema, "Ooooh!"

Lakini mwanzi ule, wanangu, nguvu za nyati uliziona wapi? Uliinama kama mgongo wa paka. Mikono imeshapita, kichwa cha fimbo bado kinakuja nyuma. Kilipoufikia mpira kiliufikia kwa ubavu. Tap! Mpira ukaruka kando, ukapinda, ukaingia kichakani, chwaa!

"Wetu! Wetu!" watoto wa Nyani wakapiga kelele, wakarukiana.

Nyati akabaki amesimama na mpini mkononi. "Umeteleza," akasema. "Jua lilinipiga machoni."

Kiboko alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Hukuzungusha mbio vya kutosha, ndugu yangu! Nitazame mimi!" Akachukua nafasi, akapanua miguu, akavuta fimbo nyuma mpaka ikagusa mgongo wake.

Fyuuuuuuuuuuu!

Mwepesi ule mpini, jamani, mno! Mkono uliozoea mpingo haukuona uzito wowote wa kuuongoza. Fimbo ikapita juu ya mpira, ikazunguka, na Kiboko akazunguka nayo, mara moja, mara ya pili, akakaa chini. Tuu! Vumbi likatanda. Lilipotulia, mpira ulikuwa palepale, haukusogea hata unyayo.

Kisha ikasikika sauti ya mwanamke kutoka nyuma kabisa: "Kitanda changu mimi!"

Uwanja ukaangua kicheko ambacho sijui kiliisha lini. Hata Nyani filimbi ilimdondoka.

"Na wa mwisho," akasema Nyani akijifuta machozi, "Nguchiro. Fimbo yako iko wapi, bwana?"

Nguchiro akachomoa kiunoni mwiko wa kusongea ugali. Mwiko wa mkewe, mfupi, mzito, umekolea moshi wa miaka. Watu wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Alimwona Sikitu amekaa begani kwa mama yake, midomo imempasuka kwa kiu. Akaushika mwiko kwa mikono miwili. Hakutaka fyuu, hakutaka vuu. Alitazama mpira tu.

Ko!

Mpira ukaondoka chini chini, moja kwa moja, unajikokota juu ya nyasi. Hatua kumi. Kumi na tano. "Nenda!" mkewe akapiga kelele. Kumi na saba, ukaanza kupunguza mwendo. "Nenda, nenda, nenda!" sungura wakaitikia, na kuchakuro, na panya, na pimbi, wanywa tope wote. Kumi na nane. Ukagusa kijiwe, ukapinda kuelekea kichakani. Watoto wa Nyani wakanyoosha mikono. Mayowe! Ukabingirika, ukabingirika, ukasimama pembeni kabisa mwa nyasi, kidole kimoja kutoka kichakani.

Nyani akapima kwa miguu yake, taratibu, mpaka watu wakataka kumpiga. "Ishirini... na moja! Nguchiro!"

Vigelegele! Wadogo wakarukaruka, wakambeba juu na mwiko wake, na Sikitu analia na kucheka pamoja.

Nyati akaja anakwaruza chini kwa kwato. "Wewe! Umetudanganya! Mpini wako wa uongo!"

"Mimi, mkubwa?" Nguchiro akasema kutoka juu ya mabega ya wenzake. "Nilikwambia nini? Niliapa kwamba fimbo itakwenda mbio. Je, haikwenda?"

Nyati akautazama mpini wake. "Ilikwenda," akasema.

"Mbio?"

"Mbio."

"Basi. Habari za mpira hukuniuliza. Tena mkeo alikwambia ujaribu, mbele yangu, ukamfukuza na ufagio wake."

Kiboko alikuwa ameugeuza mpini wake juu chini, akakiona kile kitundu. Akakipuliza. Fyuu. Akakipuliza tena. Kisha akauweka chini polepole, akaenda kumtafuta mkewe. Sijui alimwambia nini, lakini siku mbili alionekana anachota maji na kukatakata mchicha.

Basi mwaka ule Nguchiro aliwahesabu wadogo wote kuwa jamaa zake, wakanywa kwanza, na Sikitu alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma. Na mnajua jambo la ajabu? Wadogo hunywa kidogo. Walipomaliza maji yalikuwa bado safi, na Nyati na Kiboko wakanywa wakashiba, ila waliambiwa waziwazi: kugaagaa mwiko. Kitanda Nguchiro alikirudisha kwa mwenyewe, mama Kiboko, kwa sababu watoto wa Nguchiro walikuwa wanapotea ndani yake usiku kucha. Samli hakuirudisha. Ilikuwa tamu.

Haya, na maharage yangu yameiva, inukeni mkanawe mikono. Ila nendeni na hili: usihukumu fimbo kwa mlio wake, tazama mpira ulipofika.