Pishi Moja kwa Unyayo Mmoja

Hapo zamani za kale, na nikisema kale ni kale kweli, si hiyo ya juzi mnayoijua ninyi, wanyama walikuwa na nyumba zao, meko yao na majungu yao kama sisi. Sogeeni basi. Wewe unayetafuna muwa, tema kwanza. Hadithi hii ina mahali pa kusikilizwa kwa masikio yote mawili, na sitarudia.

Palikuwa na mji ukiitwa Kitopeni. Huko hawakumchagua jumbe kwa kupiga makelele wala kwa kunyoosha mikono. Walimchagua kwa kukanyaga. Siku ikifika, Bwana Korongo, karani wa mji, alitandaza udongo laini wa mfinyanzi mahali pawili uwanjani, huku kwa mgombea huyu, kule kwa yule. Kila mnyama alikanyaga mara moja tu pale moyo wake ulipopenda. Kisha Korongo akahesabu kwa ncha ya mdomo wake mrefu, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Tembo alikuwa na unyayo mmoja, na panya alikuwa na unyayo mmoja. Uzuri wake ulikuwa hapo.

Jumbe wa zamani zile alikuwa Kiboko. Loo, tajiri huyo! Maghala saba ya mtama, na wenzake wanakwangua ukoko. Ukame ulipoingia, akaizungushia chemchemi ya mji pamoja na bwawa lake ua wa miiba, akaweka mlango, akasema maji yatagawiwa kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe ni kwamba yeye analala humo bwawani mchana kutwa, na wengine wanapanga foleni na vibuyu vyao tangu alfajiri.

Bi Kanga akasema, "Mimi nagombea. Nikishinda, ua ule nautia moto siku hiyo hiyo!"

Watu wakampigia makofi. Kiboko akayasikia makofi yale kutoka bwawani, akaagiza ghala moja lifunguliwe.

Sasa, mjini humo alikuwako mjane mmoja, Bi Kidawa Digidigi. Mwili wake mdogo, macho yake makubwa, na akili yake ilikuwa haitulii. Alikuwa na binti mmoja tu, Mashavu, ambaye kwa njaa ya mwaka ule jina lilikuwa limebaki jina. Kidawa akasikia kwamba kwa Kiboko kunagawiwa mtama. Akaenda na mwanawe.

"Hodi!"

"Karibu, Bi Kidawa, karibu! Mbona unasimama juani?"

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, ila njaa."

"Pole, mama yangu, pole sana." Kiboko akatikisa kichwa chake kikubwa. "Mimi sipendi kabisa kuona mtoto analala njaa. Unakiona kigae hiki cha udongo mbichi? Kikanyage mara moja tu, basi, nikupimie pishi ya mtama."

Kidawa akainua macho. Ukuta mzima ulikuwa umepangwa vigae vilivyokaushwa juani, na katika kila kigae alama ya mguu: wa ngiri, wa swala, wa nyani, wa kobe.

"Unyayo wangu unautakia nini, Jumbe?"

"Nikuondolee usumbufu! Siku ya Kukanyaga jua litakuwa kali. Wewe kaa nyumbani upike. Mimi nitakufikishia."

Kidawa akacheka moyoni. Mjinga huyu, akajisemea. Nitaula mtama wake, na siku ya siku nitakwenda zangu nikakanyage kwa Bi Kanga. Mguu si ninao? Nani ataubandua?

Akakanyaga. Ti!

"Na wa mtoto," akasema Kiboko.

"Mtoto hachagui, Jumbe."

"Atakua," akasema Kiboko, akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Pishi nyingine."

Hapo Kidawa alisita. Nawaambia alisita, msije mkamwona hana moyo. Akamtazama Mashavu, akazitazama mbavu zake, akamshika mguu akaukandamiza. Ti!

Njiani, amejitwika pishi mbili, akageuka nyuma kumwangalia mwanawe. Mtoto alikuwako. Lakini mchanga walimopita ulikuwa msafi, haujakanyagwa na mtu. "Ah, upepo huo," akasema Kidawa. Jani hata moja halikuwa likitikisika.

Siku ya kwanza wakala wakashiba. Siku ya pili wakala. Asubuhi ya siku ya tatu Kidawa akaamka, akapapasa mkeka, Mashavu hayupo.

"Mashavu! We Mashavu!"

Akatoka nje.

Mama wa digidigi mtoto wake akipotea hapigi mbiu. Anainamisha kichwa, anafuata vile vikwato mchangani mpaka amfikie. Kidawa akainamisha kichwa. Mchanga ulikuwa kama unga uliotoka kwenye chekeche. Akazunguka nyumba, akaenda mpaka kichakani, akarudi. Hakuona unyayo wa mtoto, na alipogeuka hakuona hata wake mwenyewe.

Akakimbilia kwa jirani yake, Mama Ngiri. "Hodi! Hodi jamani, mwanangu kapotea!"

Hakuna aliyeitika. Akachungulia. Moto ulikuwa unawaka, chungu kinatokota, na mwiko, wanangu, mwiko ulikuwa unazunguka chunguni wenyewe. Kuruu, kuruu, kuruu. Ukasimama. Ukagongwa ukingoni, ko, ko. Chumvi ikainuka kutoka kibakulini ikamwagika mchuzini. Kisha mwiko ukaanza tena, kuruu, kuruu.

Kidawa alirudi kinyumenyume, manyoya yamemsimama.

Nyumba ya pili, ufagio unafagia ua, hakuna aliyeushika. Nyumba ya tatu, mbeleko inabembea hewani imebeba uzito, inakwenda mbele na nyuma. Jua la saa sita limewaka, meko yote yanatoa moshi, na mji mzima hauna sauti hata moja. Uwanjani walikuwako Korongo na Bi Kanga tu, nao wamekaa wameduwaa.

"Wamehama?" Bi Kanga akauliza.

"Mbona moshi unatoka?" akasema Korongo.

"Niko hapa!" Kidawa akawapigia kelele usoni. Wala hawakupepesa jicho.

Ndipo akaelewa, akakaa chini. Hakuna aliyehama. Wote wamo majumbani mwao, wanapika, wanafagia, wanaitana, na hakuna anayemwona mwenzake. Wote wameuza. Naye kauza. Naye mwanawe kamuuza kwa mkono wake mwenyewe, na sasa hata kama mtoto amelala kichakani analia, yeye mama yake atampita bila kujua. Akalia Kidawa, akalia kwa sauti, na kulia kwake hakukumfikia mtu.

Siku mbili akamtafuta. Asubuhi ya Siku ya Kukanyaga akaacha kutafuta, akaenda moja kwa moja kwa Kiboko.

Mlangoni hakubisha. Kiboko alikuwa peke yake ukumbini, mbele yake beseni la uji. Nyuma yake ukutani ikasikika ti-ti-ti, puu, ti-ti. Vigae vilikuwa vinatetemeka vyenyewe, nyayo zinakanyaga mahali pamoja bila kwenda popote.

Kidawa akamrukia mpaka sikioni. "Nirudishie mwanangu!"

Kiboko akaacha kunywa. "Nirudishie mwanangu?" akasema polepole. "Eh! Leo nawaza nini mimi? Mwanangu yupi?"

Kidawa akaganda. Akajaribu tena, chini chini. "Uji huu una chumvi nyingi."

"Uji huu una chumvi nyingi," akasema Kiboko, akausukuma kando.

Lo! Haisikii sauti ya Kidawa kama sauti ya mtu. Anaisikia kama wazo lake mwenyewe! Wale aliowanunua walikuwa wamekwisha kuwa mali yake, na mali haimsemeshi mwenyewe. Machozi ya Kidawa yakakauka. Akili yake ile isiyotulia ikaanza kutembea.

Akasogea karibu kabisa na sikio. "Hivi mimi Kiboko," akanong'ona, "Korongo atavikubali vigae hivi? Vimekauka kama vya mwaka juzi."

"Astaghfirullah," akasema Kiboko, akainuka nusu. "Vimekauka kweli."

"Atasema nimeviokota jalalani."

"Ataniaibisha mbele ya yule Kanga!"

"Si nivitie maji kidogo? Vilainike, vionekane vimekanyagwa leo leo."

"Kiboko weye!" akajisifu, akajipiga kifua. "Kichwa kama hiki kwa nini kisitawale? Fisi! We Fisi, njoo ubebe!"

Fisi mlinzi alikuwa amesimama mlangoni siku zote hizo, anaitika "Labeka, labeka!" Lakini naye alikuwa ameuza, kwa hiyo Kiboko hakumwona, wala sauti yake ya mlangoni haikumfika sikioni. Ikabidi tajiri abebe mwenyewe. Akavipakia kifuani na mgongoni, anahema, hhuu, hhuu, jasho linamchuruzika, akaenda na kurudi mara tisa, mpaka vyote vikawa ukingoni mwa bwawa. Katika kwapa alibakiza kimoja kibichi, kitupu, cha akiba.

"Kidogo tu," akasema, akavichovya.

"Mpaka ndani," akanong'ona Kidawa. "Vikivimba, unyayo mmoja utahesabiwa nyayo mbili."

"Mbili!" Akavisukuma vyote, chubwi!

Udongo ule haukuwa umechomwa tanurini. Maji yakawa mazito, yakawa meupe kama togwa. Kwanza kimya. Halafu kutoka chini ikaja ti-ti-ti, puu, puu, kwa-kwa-kwa, ikapanda, ikakaribia. Nyayo zikatoka majini. Hazikuwa na miguu, ni alama tupu, zinajichora topeni moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia. Kiboko alikuwa amesimama njiani. Zikampanda mgongoni, zikashukia usoni, na kila ilipopita moja ngozi yake ilibonyea, naye analia, "Nani? Nani nyie? Shukeni!" Zikapita bila haraka, zikashika njia ya mjini.

Mbili zikaja upande wa Kidawa. Akaziona zinakuja, ti, ti, akafumba macho. Akahisi ubaridi ukwatoni.

Alipofumbua, alitazama chini. Nyayo zake za siku zile zote zilikuwa zimerudi mchangani, zinazunguka bwawa, zinakwenda mjini, nyumba kwa nyumba, kichaka kwa kichaka, kila alikotafuta. Na kando ya kila unyayo wake, kila mmoja, palikuwa na unyayo mdogo.

"Mama," ikasema sauti ubavuni mwake. "Mbona nikikuita huitiki?"

Mashavu hakuwa amekwenda popote; yeye aliuzwa, hakujiuza, na macho yake yaliendelea kumwona mama. Alikuwa amemfuata mama yake siku mbili, hatua kwa hatua, anamwita. Kidawa akamkumbatia, akamlamba uso wote kama siku aliyozaliwa.

Uwanjani wanyama walikuwa wanajitokeza, wanashikana, wanalia, wanagombezana kwa furaha. "Nilikuita!" "Mimi nilikuita wewe!" Kiboko akafika amejaa tope, anahema, na gunia la mtama begani.

"Wezi!" akanguruma. "Mtama wangu mmekula!" Kisha akaona macho yanamtazama, akalainisha sauti. Akakitoa kile kigae kibichi kwapani. "Jamani, yamekwisha. Njaa bado ipo, au uongo? Atakayekanyaga hapa, pishi kumi. Kumi!"

Msidhani walicheka. Kuna waliomeza mate, na mama mmoja alitazama tumbo la mwanawe akasogea hatua moja.

Kidawa akapita katikati, amemshika Mashavu. "Mimi unyayo wa mtoto huyu niliuuza kwa pishi moja," akasema. "Nikamtafuta siku mbili, naye yupo hapa. Hapa, ubavuni. Nikampita mimi mama yake." Akaenda akakanyaga udongo wa Bi Kanga.

Yule mama akarudi nyuma hatua yake. Lakini Fisi hakungoja. Akaruka, akakikanyaga kigae cha Kiboko, akadaka gunia. Na mara ya pili, wanangu, haikungoja siku tatu. Hapo hapo wakaona gunia linaondoka peke yake, linayumba uwanjani, linaingia vichakani, na kicheko kinalifuata bila mwenye kucheka.

Basi hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Walikanyaga kwa Bi Kanga, tembo mmoja, panya mmoja, mpaka Korongo akachoka mdomo. Kwa Kiboko akahesabu unyayo wa Kiboko, akafunga hesabu. Jioni hiyo ua wa miiba uliwaka, na Mashavu alikunywa maji mpaka tumbo likawa ngoma.

Na mimi nawaambieni hivi, kisha mkalale: anayekununua leo, kesho hana haja tena ya kukuona.