Kasuku Aliyebisha Hodi Kwake

Paukwa!
Pakawa!
Alikuwako!
Alikuwako nani, bibi?
Alikuwako kasuku, domo kama koleo, tumbo kama kapu!
Basi na awepo, tumwone!

Kasuku huyo jina lake Mwinyi, na bibi yake ni Bi Mwanashehe. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuitikia mlango, maana Bi kutwa yuko jikoni, huko uani. Mtu akibisha, "Hodi!" Mwinyi hudakia, "Karibu! Pita ndani! Chai ipo!" Hata siku ambayo nyumbani hamna jani la chai.

Basi Bi akaleta kasuku mwingine, mdogo, mwembamba, akamwita Kidoti. Hakuwachanganya papo hapo, la. Tundu la Kidoti likakaa pembeni kule. Kesho likasogezwa kidogo. Kesho kutwa likasogezwa tena kidogo. Hata matundu yakakaa ubavu kwa ubavu. Na kila likisogezwa, Mwinyi huvimba manyoya, vuu!

"Kraa! Kijiti changu! Karanga zangu! Changu changu, na chako changu!"

Hupenyeza domo, akavuta bakuli la mwenziwe, kachu kachu kachu, karanga kwisha. Kidoti hulala na njaa.

Asubuhi moja Bi akafungua matundu yote mawili. "Haya wanangu, leo mtakaa pamoja kwa Mwinyi, ndiko kwenye nafasi. Mkipatana, alhamdulillahi. Mkigombana, Kidoti nampeleka kwa shemeji yangu."

Kwa shemeji kulikuwa na paka mnene, na ndege wote wa mtaa walijua amenenepa kwa nini.

Kidoti akaruka mpaka kwa Mwinyi. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, na kwaheri! Tia mguu humu nikukate vidole!"

Kidoti hakubishana. Mara mlangoni, "Hodi!" Ni mtoto wa jirani, kaja kuomba kaa la moto. Mwinyi domo limejaa, lakini wapi! "Karibu! Pita ndani! Chai ipo!" Karanga zikamwagika, paa paa paa!

Kidoti akainamisha kichwa. "Ahaa."

Akangoja Bi apite na ungo wake wa mchele. Ndipo akasimama mlangoni pa tundu la Mwinyi, akaita, "Hodi!"

"Karibu! Pita ndani! Chai ipo!"

Kidoti huyooo, ndani!

"Kraa! Toka! Sikukuambia wewe!"

"We Mwinyi!" Bi kaweka ungo chini. "Umemkaribisha kwa kinywa chako, nami nimesikia. Mgeni akishakaribishwa hang'atwi. Mguse, nikufunike kanga mchana kutwa!"

Mwinyi akanuna, akanuna kweli. Akajaza karanga domoni asije akaropoka tena, akatoka, akaenda kukaa juu ya mlango wa nyumba.

Haikupita muda, akaja Bi Hadia, jirani, na papai bivu kichwani. "Hodi! Hodi jamani!"

Mwinyi, mmm, kimya.

"Hodi wenyewe!"

Mmm.

Bi Hadia akageuka aende zake na papai lake. Mara akasikia kisauti chembamba, "Karibu! Pita ndani! Chai ipo!"

"Heee! Aliyeitikia ndiye ale," akasema Bi Hadia akicheka. Akaingia, akakata kipande, maji churuzi, akamtilia Kidoti bakulini.

Mwinyi anatazama kutoka juu. Karanga kavu zina utamu gani tena? Akazitema. Akashuka polepole mpaka mlangoni pa tundu lake, lake mwenyewe. Akameza mate.

"Hodi."

Ndani, chap chap, papai linaliwa. "Nani?"

"Mimi, Mwinyi."

"Mwinyi wa wapi?"

"Wa... wa hapa hapa."

Kidoti akasogea kijitini, akaacha nafasi. "Karibu, kaka. Pita ndani. Papai lipo."

Bi alipochungulia akakuta vichwa viwili bakuli moja. Lile tundu dogo la Kidoti akalitia vitunguu.

Hadithi yangu imepiga mbawa, imeruka. Iliyemnogea aikimbilie, isiyemnogea akamlaumu kasuku. Na funzo lake, wajukuu zangu, lishikeni sana: mtu akibisha hodi, nyamazeni! Adabu ndiyo iliyomponza Mwinyi wa watu. Msiitikie, msifungue, msithubutu ku...

Nani huyo mlangoni? Karibu! Pita ndani! Chai ipo!