Vidole Vitatu vya Kitambaa

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Maana yake ni kwamba anayeficha ugonjwa hujidanganya mwenyewe, kwa kuwa maumivu hayana siri. Kina mama wenzangu, msikieni fundi huyu wa cherehani.

Daktari alimwambia bila kuzunguka: uvimbe katika titi lake la kulia ni saratani, bado mdogo, afanyiwe upasuaji mapema. Fundi aliuliza swali moja tu.

"Na mkono wangu?"

"Unaweza kuvimba, au kufa ganzi kidogo. Tukiwahi, hatari ni ndogo."

Hilo la kuwahi halikumwingia. Alisikia mkono tu, mkono ule ule ulioshika mkasi miaka ishirini ukamlea binti yake. Akarudi nyumbani moyo ukimwenda kama cherehani isiyo na kitambaa. Barua ya hospitali akaitia kwenye droo ya vifungo, akanyamaza kama maji mtungini.

Miezi saba ikapita. Kwapa likajaa. Kila gauni lililombana alilifumua ubavu wa kulia, akaongeza kipande, akalipiga pasi hadi mshono usionekane. Akiguswa bega, alishtuka kama aliyekanyaga nyoka.

Lakini mtoto wa fundi hafichwi mshono. Siku moja binti yake alianua nguo, akakunja gauni katikati, pande zikakataa kulingana.

"Mama, hili limepishana vidole vitatu. Macho yameanza kuzeeka?"

"Kitambaa kimevutika tu."

"Na haya mengine manne yamevutika upande huo huo? Njoo nikupime."

"Niache, mwanangu. Nina kazi za watu."

Binti alikwisha kumzungushia futi ya kupimia. Ilipopita kwapani, fundi alitoa kilio kilichowaleta majirani milangoni.

Binti akampeleka hospitali. Daktari alikuwa yule yule. Alibonyeza kwapa, kisha akamgeukia fundi.

"Sasa tezi zote za hapa lazima zitoke. Hatari ya mkono imekuwa kubwa kuliko ile niliyokwambia. Na kama ugonjwa umefika kwingine, bado sijui."

"Basi nilichokikimbia nimekifuata mwenyewe," fundi alisema.

Asubuhi ya upasuaji fundi alitia sahihi fomu ya kukubali. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Binti akabaki kwenye benchi, gauni la mama mapajani, kidole kikipapasa kile kipande cha ubavuni. Kweli, mficha maradhi kilio humfichua.