Johari Amekataa Kuamkia

Hapo zamani, enzi ambazo wakubwa walisifiwa hata wakipiga chafya (siku hizi hayo hakuna, alhamdulillahi, sote ni watu wa kusema kweli), palikuwa na mji mmoja wa mawe. Jina lake sitalitaja, maana wajukuu zao wapo na hasira za babu zao wamezirithi. Mji ule ulikuwa na Liwali, akiitwa Sudi, na Liwali alikuwa na farasi jike, akiitwa Johari. Farasi mwingine hakuwapo. Watu wengine walikwenda kwa punda au kwa miguu yao, wakashukuru.

Siku moja Johari akapita sokoni, Liwali mgongoni, watu wakaona ajabu. Hatua moja, kichwa chini. Hatua ya pili, kichwa juu. Chini, juu, chini, juu, mpaka mlangoni mwa msikiti.

"Ala! Farasi anatuamkia!" akasema mmoja. Sijui ni nani, laiti ningemjua.

Mji mzima ukapokea. "Marahaba, Johari! Marahaba!" Wazee walioamkiwa kwa nadra na wake zao wakaamkiwa na farasi, wakafurahi. Liwali naye akavimba, kilemba kikawa hakimtoshi. "Mnaona?" akasema. "Adabu ya bwana huingia mpaka kwa mnyama." Wakasema ni kweli, Bwana, ni kweli kabisa. Basi ikawa kila asubuhi Johari anatolewa akaamkie watu.

Kando ya njia hiyo alikuwa akikaa Bi Shumbana, muuza vitumbua, mwanamke mwenye goti bovu na ulimi mkali. Akamtazama farasi. Akamtazama tena. Akamwita Faki, mhunzi aliyekuwa akimvisha Johari viatu vya chuma.

"Faki mwanangu, huyo haamkii mtu. Huyo anachechemea."

"Bi Shumbana, usije ukaniponza."

"Hebu nitazame mimi." Akainuka, akaenda hatua chache, na kichwa chake nacho chini, juu, chini, juu. "Mguu mbovu ukikanyaga, kichwa kinapanda kuupunguzia uzito. Mzima ukikanyaga, kinashuka. Miaka yote napita hapa hivi, mbona mimi hakuna aliyeniitikia marahaba?"

Faki akaenda bandani. Akainua mguu wa mbele wa kushoto, ule uliopandisha kichwa kila ukikanyaga, akatafuta jiwe kwenye kwato: hamna. Akapapasa kutafuta joto: hamna. Uvimbe: hamna. Msumari uliokwenda kombo: hamna. Akambonyeza tangu kwato mpaka bega, Johari akamtazama tu kama mteja anayepimwa kanzu. Akisimama, mzima. Akitembea, kichwa chini, juu.

Mtunza farasi, Mbaruku, alikuwa amesimama pale pale. Huyu ndiye aliyemlea Johari tangu mama yake alipokufa, akimnywesha maziwa ya mbuzi kwa mkono wake, na alimpenda kuliko ndugu zake wa damu. Faki akamuuliza, "Wewe umeona nini?"

Mbaruku akatazama dari. "Mimi? Sijaona kitu."

Faki akaenda barazani, akasema mbele ya watu. "Bwana Liwali, farasi anaumwa mguu. Apumzishwe. Akizidi kupandwa, atalemaa kabisa."

"Anaumwa wapi?"

"Sijui, Bwana."

"Ana ugonjwa gani?"

"Sijui, Bwana. Ila anaumwa."

"Hujui wapi, hujui nini, unakuja kuniambia naamkiwa na kilema!" Faki akatiwa gerezani. Na kwa kumkomoa, Liwali akaanza kumpanda Johari asubuhi na jioni. Tena akatangaza kwamba Idi ikifika atakuja mgeni, Liwali wa mji wa pili, naye ataamkiwa na Johari kwa heshima zote.

Chini, juu, chini, juu, kila siku chini zaidi. Mbaruku akaona Johari akirudi bandani anaukanyaga mguu kwa ncha tu. Na farasi asiyeweza kusimama, kila mtu alijua mwisho wake ni kisu. Mbaruku akamkumbatia shingo, akalia. Kisha akafuta machozi, akaenda kwa Liwali, roho mkononi.

"Bwana, nina hofu. Salamu zitamwishia."

"Zitamwishia vipi?"

"Kila siku anawaamkia wauza dagaa, wachota maji, jana kamwamkia hata mbuzi. Mgeni wako akifika, atakuwa amebakiwa na nini? Mwache akae bandani Ramadhani hii, salamu zimjae."

Liwali akafikiri. Ilimchukua muda, kwa kuwa hakuzoea. "Sawa," akasema. "Tusizifuje."

Johari akapumzika. Akala majani, akagaagaa mchangani, akatembezwa polepole kivulini. Mguu ukapona. Ulikuwa na nini? Hakuna ajuaye mpaka leo, na msinikodolee macho, hata mimi sijui.

Idi ikafika. Mgeni akaketi juu ya zulia. Johari akatokea na tandiko jipya, Liwali mgongoni, shingo imenyooka, kichwa kimetulia tuli. Hatua, hatua, hatua. Hata kope hakuinamisha. Watu wakasubiri na marahaba zao mdomoni, wakazimeza. Mgeni akakohoa. "Ndiye huyu mwenye adabu?"

Lahaula! Liwali akashuka kwa hasira. "Nani kamfundisha kiburi farasi wangu? Ajitokeze! Simtaki tena huyu mnyama machoni pangu. Aliyemharibu amchukue, atoke naye mjini leo hii, wasirudi maisha. Asipojulikana mpaka magharibi, farasi achinjwe."

Wale waliokuwa wakiitikia marahaba kila asubuhi, sasa hakuna hata mmoja aliyewahi kumjua Johari.

Bi Shumbana akajikokota mbele. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeona. Nisingeona, hawa wote wangekuwa wanaitikia mpaka leo. Nipe mimi farasi. Goti langu limetembea vya kutosha."

"Uliona ukamnong'oneza mwenzio, ukarudi kwenye vitumbua vyako," akasema Faki, aliyefunguliwa asubuhi ile kwa msamaha wa sikukuu. "Mimi ndiye niliyesema hadharani. Nimefunga Ramadhani nzima na chawa wa gerezani. Farasi ni wangu."

"Ulisema, akapandwa mara mbili kwa siku," akasema Mbaruku. "Kweli yako ilikaribia kumuua. Mimi nilidanganya, akapona. Bwana, nimemlea. Nifukuze mimi naye."

Bi Shumbana akamgeukia. "Mwanangu Mbaruku, sema mbele ya Mungu. Ulijua lini kwamba anachechemea?"

Mbaruku akainama. "Tangu siku ya kwanza."

"Na kila asubuhi ukamtandika?"

"Nikamtandika," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya watu.

Liwali akapiga fimbo chini. "Farasi mmoja, mkosaji mmoja! Nileteeni mmoja, au mchinjaji aanze kazi."

Mchinjaji akawa ananoa kisu, akimtazama Johari kwa huruma, lakini ananoa. Jua likawa limegusa paa la msikiti. Na watatu wale bado wanavutana hatamu, huyu anasema wangu, yule anasema wangu, wakigombea kufukuzwa.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, amueni kabla ya adhana. Je, nani alistahili kuondoka na Johari: aliyeona, aliyesema, au aliyedanganya?

Mbona kimya? Nawaona mnainamisha vichwa tu, chini, juu, chini, juu. Mnakubali, au mnachechemea?